Mlio wa Mahindi Makavu

Nyumba ya moto ilikuwa na ukuta mmoja ambao haukupoa tangu mavuno yaanze mpaka yaishe. Ulikuwa ukuta wa nyuma, ule uliogusana na tanuri, na wanawake waliokuja kukausha mahindi yao waliugombea kama watoto wanavyogombea mgongo wa mama. Asubuhi za baridi ungewakuta wamejipanga, migongo ukutani, vikombe vya chai mkononi, wakizungumza habari za waume zao na za waume wa wenzao. Mpwa alikulia chini ya ukuta ule. Mama yake alikuwa mtu wa reki, kazi yake kuyageuza mahindi juu ya wavu yasiungue upande mmoja, na alipopanda kazini alimlaza mtoto juu ya magunia yaliyotoka kushonwa, yangali na joto. Mama hayupo tena, na Mpwa mwenyewe ni mtu mzima sasa. Lakini hadi leo akipita karibu na gunia la mahindi ya moto, macho yanamlegea, usingizi unamjia bila kualikwa.

Jina la Mpwa alipewa na Mjomba bila kukusudia. Mjomba, kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba ile, na kutwa kucha alikuwa akiita, "Mpwa wangu, njoo! Mpwa wangu, lete magunzi!" Basi hata wale ambao hawakuwa wajomba wala shangazi zake wakamwita hivyo hivyo. Mjomba naye watu walimwita Fundi Mlio, na jina hilo alilipata kwa haki yake.

Nyumba yenyewe haikuwa na mambo mengi. Chini palikuwa na tanuri la matofali. Kutoka kwenye tanuri lilitoka bomba la mapipa yaliyounganishwa, likapita chini ya sakafu ya wavu, na juu ya wavu ndipo yalipotandazwa mahindi yaliyokwisha pukuchuliwa. Juu kabisa, chini ya paa, kulikuwa na vidirisha vya kutolea mvuke. Moshi ulikuwa na njia yake na joto lilikuwa na njia yake, wala havikukutana. Tanuri lilikula kuni na magunzi. Kipimo cha kujua mahindi yamekauka hakikuwepo, labda useme kipimo kilikuwa kopo.

Lilikuwa kopo la zamani la maziwa ya unga, zito, la bati nene, limeingia weusi wa moshi mpaka maandishi yote yamekufa. Mjomba alipanda ngazi, akachota mahindi ukingo huu, akachota katikati, akachota ukingo ule, akafunika kwa kiganja, akalitikisa kopo sikioni huku amefumba macho. Wanawake wote wangenyamaza. Hata wale wasiojua kunyamaza wangenyamaza.

"Mahindi mabichi yananong'ona," alimfundisha Mpwa tangu akiwa hajui kujifunga kanga. "Sikiliza. Ni kama watu wanaosengenya nyuma ya mlango. Yakikauka, yanasema. Yanasema wazi, maneno machache, kama mtu mwenye heshima zake. Ukiyaacha motoni baada ya hapo, yanapayuka. Na mahindi yanayopayuka, mwanangu, ni kama mgeni aliyekalishwa juani: umemkosea wewe, hajakukosea yeye."

"Yakipayuka yanakuwaje, Mjomba?"

"Yanapasuka kinuni. Yanakuwa mepesi guniani. Na kuni ulizozichoma baada ya yale kusema, hizo umemchemshia shetani chai."

Mpwa aliyashika maneno hayo kuliko alivyoshika hesabu za shuleni. Alipomaliza darasa la saba na shule ikaishia hapo, hakuna aliyemuuliza anataka kufanya nini. Alichukua reki ya mama yake pembeni ya mlango, akapanda.

Miaka ile ilikuwa mizuri, na mtu hajui uzuri wa kitu mpaka kimgeuzie kisogo. Msimu ulipoanza, kuni zilipangwa uani kwa rundo refu kama nyumba ya pili. Msimu ulipoisha, rundo lilikuwa limebaki kimo cha goti, na hizo zikawa za kuchemshia chai mpaka mvua zikaja. Watu walitoka mbali kuleta mahindi yao kwa Fundi Mlio, kwa sababu gunia lake halikuoza na unga wake haukuwa na harufu ya moshi.

Kisha kidogo kidogo mambo yakaanza kwenda mrama. Msimu mmoja rundo lilikwisha mahindi ya mwisho yakiwa bado juu ya wavu, wakaomba kuni kwa majirani. Msimu uliofuata lilikwisha mapema zaidi. Uliofuata, mapema zaidi tena.

"Hili tanuri limepata tumbo la fisi," alisema mama mmoja mshonaji wa magunia, ambaye watu walimwita Sindano. Jina hilo alipewa kwa kazi yake, na lilimkaa vizuri zaidi kwa ulimi wake. "Tulilishe mpaka lini? Hata mume wangu hali hivi, na yule ni mlaji."

Walitafuta mchawi kila mahali. Wakasema kuni ni mbichi, wakazijengea paa, zikakaa mpaka zikalia zikigongwa. Wakasema bomba linavuja, Mpwa akakanda udongo na majivu, akaziba kila ufa mpaka kucha zikamtoka damu. Wakasema mahindi yanatandazwa mazito mno, wakayapunguza. Wakasema vidirisha vya juu viko wazi kupita kiasi na joto linaruka bure, wakavifunga nusu. Yote yalisaidia, lakini kwa namna ya kumfuta jasho mgonjwa wa homa. Homa yenyewe ilibaki.

Ndipo Mama Mwenyekiti wa chama chenye nyumba ile, mwanamke mpana wa mwili na mwembamba wa maneno, alipokuja asubuhi moja mwanzo wa msimu, akasimama mbele ya rundo jipya.

"Nawaambia mapema, msije mkasema hamkuambiwa," alisema. "Vilima vyetu vimebaki vipara. Kuni ni hizi, nyingine hakuna. Zikifika mwisho wa msimu, tunaendelea. Zikiisha kabla ya mahindi, tunafunga mlango huu, kila mtu apeleke mahindi yake kwa yule tajiri wa barabara kuu mwenye mashine ya dizeli. Na wewe mzee wetu, shikamoo yako iko palepale, utakwenda kupumzika kwa wanao."

Mjomba alitabasamu. "Marahaba," alisema.

Watu walicheka, wakadhani anafanya utani. Mpwa hakucheka. Alikuwa akimtazama Mjomba, akaona kwamba alikuwa amekitazama kinywa cha Mama Mwenyekiti tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba katika hotuba yote ile ameokota shikamoo peke yake. Baadaye, Sindano alipomrudishia yote kwa sauti yake ya sokoni, ndipo uso wa Mjomba uliposhuka. Alikaa kwenye gogo mbele ya tanuri, akaanza kuchambua magunzi ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Watoto wake waliishi mbali, kila mmoja na nyumba yake na kelele zake, na mkewe alikuwa ametangulia mbele za haki. Nyumba ya moto ndiyo iliyokuwa imebaki ikimhitaji.

Kazi ilianza. Siku moja mchana, Mjomba akiwa uani anapasua kuni, Mpwa alichota mahindi, akatikisa kopo. Yalisema. Yalisema wazi, maneno machache, kama mtu mwenye heshima zake. Akashuka mbio.

"Mjomba, yamesema!"

Mjomba akapanda, akachota, akafumba macho, akatikisa. Akatikisa tena. "Bado," alisema.

"Mimi naona yamesema."

"Umeona au umesikia?" Wanawake wakaangua kicheko. "Mwanangu, haraka haiivishi. Ongeza kuni."

Mpwa akaongeza kuni. Nani yeye, wa jana, kubishana na Fundi Mlio? Aliyalaumu masikio yake mwenyewe, akajiambia pengine yana uchafu. Lakini jua lilipoinama akatikisa tena, na mahindi yalikuwa yanapayuka kama walevi njiani. Hapo ndipo Mjomba alipopanda, akatikisa, uso ukafunguka kama mtu aliyekutana na rafiki. "Enhe! Sasa yamesema. Punguzeni moto."

Sindano alipoyashona magunia alilalamika. "Gunia limejaa na bado jepesi, jamani. Na hizi punje mbona zimekatikakatika? Tunakausha mahindi au tunakaanga bisi?"

Mpwa akaanza kutazama. Kutazama alikujua. Alimwona Mjomba akicheka utani baada ya wengine kucheka, si pamoja nao. Alimwona akigeuza kichwa, upande mmoja daima, mtu akimwita. Na siku moja birika lilichemka pale pale kwenye mdomo wa tanuri, kifuniko kikacheza kwata-kwata mpaka maji yakaruka motoni, na Mjomba, aliyekaa amelitupia mgongo umbali wa kunyoosha mkono, aliuliza, "Hivi chai hii bado tu?"

Mpwa alilitoa birika motoni. Aliona sasa kwamba tanuri halikuwa na fisi wala bomba halikuwa na kosa. Kila msimu masikio ya Mjomba yalikuwa yamefifia kidogo, na kila msimu mahindi yalikaa motoni zaidi, mpaka yapige kelele za kutosha kumfikia. Zile kuni zote, msitu ule wote, ulikuwa umeungua kumpazia mzee sauti.

Amwambie? Kumwambia Fundi Mlio kwamba hasikii mlio ni sawa na kumvua mtu nguo sokoni. Na akishajulikana, nani atamwacha na kopo? Watamshukuru, watampa kiti, watampeleka kwa wanawe. Asimwambie? Rundo lilikuwa tayari limepungua kuliko lilivyopaswa. Mlango utafungwa, na atakwenda kwa wanawe vilevile. Huku moto, kule moto. Kwa siku kadhaa Mpwa alikula bila kujua anakula nini.

Hatimaye akaenda dukani, akaomba kopo tupu la biskuti, la bati jembamba kama karatasi. Ukidondosha punje moja ndani yake linalia kama umeligombeza. Alilibonyeza hapa, akalikwaruza pale, akalipaka masizi ya tanuri na mafuta mpaka likawa jeusi na kuukuu kwa kulitazama. Lile la zamani akalifunga kwenye kitambaa, akalificha nyumbani kwake.

Mchana ule Mjomba alipanda, akachota, akafunika, akatikisa. Mpwa aliinamia reki yake.

"Yamesema," alisema Mjomba polepole. Akatikisa tena, kisha akalitazama kopo, kisha akatazama mahindi. "Ndiyo. Yamesema. Punguzeni moto."

"Mapema hii?" alishangaa Sindano. "Leo jua liko wapi na wewe uko wapi, mzee?"

"Punguzeni moto," alirudia Mjomba, akashuka ngazi bila kumtazama mtu.

Tangu siku hiyo kuni zilianza kukaa. Mahindi yalisema kabla jua halijainama, tanuri likalala mapema, magunia yakarudia uzito wake. Sindano alitafuta la kulalamikia, akakosa, akalalamikia uzi. Wanawake wakarudi kwenye nyimbo zao za zamani wakati wa kupeta, zile alizokuwa akiimba mama yake Mpwa, na kuna alasiri mvuke ulikuwa ukitoka vidirishani, jua likaupiga, Mpwa akajihisi mtoto tena juu ya magunia. Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Kila Mjomba alipotabasamu na kusema, "Siku hizi mahindi yana adabu," yeye alitazama chini. Alikuwa amemdanganya mtu aliyemfundisha kusikia.

Msimu ulipofika ukingoni, Mama Mwenyekiti alikuja na wanachama wake. Walizunguka uani. Rundo lilikuwa bado limesimama, si kubwa, lakini limesimama, na mahindi ya mwisho yalikuwa tayari wavuni. Wakaingia ndani, wakamkuta Mjomba kwenye gogo lake, Mpwa amesimama nyuma yake na reki.

"Mzee," alisema Mama Mwenyekiti, "leo nimekuja kuyala maneno yangu. Kuni zimebaki. Tuambie umefanya dawa gani, na wenzetu wa vijiji vingine wajifunze."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Mjomba angeweza kusema udongo na majivu, angeweza kusema paa la kuni, angeweza kukohoa tu na kusema ni siri ya ufundi. Mpwa aliomba kimoyomoyo aseme lolote kati ya hayo.

Mjomba alimtazama mama yule kinywani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia, mama," alisema. "Na upaze sauti. Sijakusikia."

Mama Mwenyekiti akarudia.

"Bado. Sogea. Masikio yangu yamestaafu kabla yangu, wala hayakuniaga."

Kuna waliocheka, kisha wakaona hachezi, wakakatisha kicheko katikati. Mama Mwenyekiti alisogea mpaka karibu, akayasema yote kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Ahaa," alisema Mjomba. "Dawa. Dawa ni hii." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika Mpwa kiwiko cha mkono, akamvuta mbele. "Mimi nilikuwa nawachomea kuni zenu bure. Mahindi yakisema sisikii, nangoja mpaka yapayuke. Huyu akajua. Akaniwekea kopo la kelele, akalipaka masizi, akafikiri mzee hajui." Akainua kidole gumba. "Kopo langu lina bonde, na hiki kidole kimelala katika bonde hilo tangu mama yako hajaolewa. Nililishika lile lingine siku ya kwanza, nikajua si langu. Nikajua na sababu yake."

Mpwa alitamani ardhi ifunguke. "Mjomba, nisamehe."

"Nini?"

"Nisamehe!" alipiga kelele, na machozi yakamtoka kwa aibu ya kulazimika kuomba radhi kwa sauti kubwa namna ile mbele za watu.

"Nikusamehe nini? Ungeniambia, ningekufukuza. Najijua."

Mama Mwenyekiti aliwatazama wote wawili, akaitazama ile ngazi. "Sasa nani atasikiliza mahindi?" aliuliza, akakumbuka, akauliza tena kwa sauti.

"Huyu. Mimi sikio sina tena, lakini moto hausikilizwi, moto unatazamwa."

Palikuwa na kimya kidogo, cha watu wanaongoja mkubwa wao aseme. Mjomba alikidhani kimya kile kuwa ni faragha yao wawili. Akamvuta Mpwa chini, akamwekea mdomo sikioni, akamnong'oneza. Lakini mtu ambaye masikio yamefifia hajui tena kunong'ona kunaishia wapi. Nyumba nzima ilimsikia, wale wa chini na wale wa juu wavuni.

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilikuwa naogopa watanirudisha nikakae kwa watu kama kigoda. Kila siku nikipanda ile ngazi nilikuwa naogopa."

Hakuna aliyecheka. Sindano, ambaye angeweza kulifanyia jambo lile mzaha wa mwaka mzima, aliinamia gunia lake akawa anatafuta tundu la sindano yenye uzi tayari. Wanachama walitazama matofali. Mjomba aliinua kichwa, akaona nyuso zao, wala hakuelewa kwa nini zimebadilika.

Mama Mwenyekiti alijikohoza. Akamwinamia, akamngurumia sikioni kwa sauti iliyotikisa mabati:

"Mzee! Mahindi ya mwisho yako wavuni, na tanuri lako linapoa! Nani atachochea, mimi?"

Mjomba alinyanyuka kwa ghadhabu, akaokota kuni mbili, akawasukuma pembeni kwa kiwiko apate njia ya kwenda kwenye mdomo wa tanuri.

"Sasa kelele zote hizi za nini?" alinung'unika. "Mtu niko hapahapa."